Sita Sita Ishirini na Sita

Mwanza,
11/1/2026

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za Usa River, habari za kuku, habari za Madamu, yule ng'ombe wako mwenye majivuno? Sisi huku wazima. Hans anakusalimu na anasema bado anakumbuka ile ndizi nyama ya Pasaka iliyopita, ingawa kwa kweli ndicho kitu pekee anachokumbuka mtu huyu. Nimempa konda wa basi la Moshi barua hii na mfuko wa dagaa. Atashusha Maji ya Chai, mezani kwako unapouzia miche. Ningekupigia, lakini wewe kwenye simu ukishaambiwa haloo unaanza kuaga.

Sasa jambo lenyewe. Kaa chini kwanza. Umekaa? TUMEPATA TAREHE! Tarehe sita, mwezi wa sita, mwaka ishirini na sita. Halafu sikia: ni Jumamosi! Mungu mwenyewe ameiweka Jumamosi, Shangazi, nani angeweza kupanga vizuri hivyo? Nimeiandika kwenye kila karatasi hapa kazini, 6/6/26, 6/6/26, mpaka bosi akaniuliza kama ni namba ya siri ya benki. Na Hans, ambaye amesahau siku yangu ya kuzaliwa mara mbili, hii hata akitaka kuisahau haitawezekana.

Naomba kitu kimoja tu. Nenda ofisi ya usharika, mwone Mwinjilisti Elieza, atuandikie siku hiyo kabla haijachukuliwa na mtu mwingine. Nimedata kabisa, nisamehe mwandiko.

Mwanao,
Sia

Usa River,
2/2/2026

Sia mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata, dagaa nimewapata nusu, maana konda alimwachia muuza nyanya, na muuza nyanya ana watoto. Hapa tu wazima. Maparachichi yamezaa mpaka matawi yanaomba msaada. Madamu ana mimba na sasa hapitiki mlangoni kwa maringo. Mwalimu Gerson, yule mstaafu aliyekuwa anafundisha habari za miti kule Olmotonyi, ameniletea miche mizuri sana ya mikangazi, na akanitengenezea na bomba.

Nimefurahi kuhusu harusi. Nimefurahi mno, Hans ni kijana mzuri na anakula vizuri. Lakini hiyo tarehe, mae! Umeiangalia kwa macho ya mtu aliyepata kipaimara? Fungua Ufunuo sura ya kumi na tatu, mwisho kabisa. Sita, sita, na sita nyingine inachungulia nyuma ya ishirini. Unataka kuolewa na namba ya yule mnyama? Watu watasema nini? Mchungaji atasimamaje madhabahuni?

Chagua tarehe ya kawaida, isiyo na kelele. Julai, kwa mfano, au Agosti. Mwalimu Gerson anasema Agosti hewa inakuwa nzuri na mlima unaonekana wote.

Nimekutumia maparachichi. Mpe Hans mawili tu, nimemwona alivyo.

Shangazi yako,
Aikande

Mwanza,
22/2/2026

Shangazi wangu,

Shikamoo tena. Maparachichi yamefika, na Hans amekula manne. Kazini maabara tunaendelea, vipimo na mimi, mimi na vipimo. Nimepata chumba kizuri karibu na ziwa, upepo unaingia bila hodi.

Haya. Tuzungumze kama watu wazima. Namba ya mnyama? WEWE? Shangazi, ni nani aliyenilea kwa kuniambia mimi ni mtoto wa maajabu kwa sababu nimezaliwa tisa tisa tisini na tisa? Ni nani aliyekuwa ananipikia maandazi tisa kila Septemba, nikila la tisa huku nalia kwa kushiba? Ni nani aliyerudi dukani mara tatu mpaka akapewa laini ya simu inayoishia 777, halafu akamtajia kila mtu barabarani, hata asiyeuliza? Huyo mtu leo anaogopa sita! Jamani! Hans amecheka mpaka akadondosha parachichi la nne.

Kila mtu anaoa siku hiyo, Shangazi. Hapa kazini peke yake wako watatu. Hayo mambo ya mnyama, ukihesabu vizuri, tarehe yenyewe ina ishirini katikati, kwa hiyo mnyama hatoshei.

Lakini sasa nakwambia bila utani. Tangu baba na mama waondoke, aliyenishika mkono siku zote ni wewe. Ulinipeleka darasa la kwanza, ulinipeleka kipaimara, ulinipeleka chuo na sanduku lile la bati ukagoma kulipandisha kwenye basi mpaka konda akuombe radhi. Siku ya harusi sitaki Baba Mdogo Thomasi aniingize kanisani, anatembea kama anawahi kikao. Nakutaka wewe. Usipokuja, naingia peke yangu, na watu wote wataona. Naomba ukaongee na Elieza.

Mbona simu hupokei?

Sia

Usa River,
16/3/2026

Sia mwanangu,

Marahaba, na pole na kazi. Hapa mvua zimeanza vizuri. Mwalimu Gerson ameziba bati lililokuwa linavuja jikoni, mtu wa miaka yake anapanda ngazi kama kijana, mimi chini nimeshika ngazi nasali. Muuza nyanya anakusalimu. Madamu hanisalimii hata mimi.

Simu ilikuwa na matatizo.

Nimeifikiria Juni yako. Umesahau baridi ya huku? Juni mawingu yanakaa kwenye mlima kama mgeni asiyeaga. Utavaa shela na sweta? Picha zitatoka kijivu tupu. Halafu kuna Madamu. Daktari wa mifugo amesema atazaa tarehe sita Juni, na mimi siwezi kumwacha peke yake siku kama hiyo. Ni uzao wake wa kwanza, ataogopa.

Hata hivyo nilikwenda kwa Elieza, usiseme sikwenda. Akafungua kitabu chake akaniambia siku hiyo imeshachukuliwa. Imechukuliwa tangu Novemba. Unajua usharika wetu ulivyo, mchungaji ni mmoja na mitaa anayotakiwa kwenda ni mingi, Jumamosi moja anatoa ibada moja ya ndoa basi. Nani ameichukua sikuuliza. Si adabu kuuliza.

Kwa hiyo Agosti. Nitakuingiza kanisani kwa miguu yangu yote miwili, hata ukitaka tupige na vigelegele njiani.

Shangazi yako,
Aikande

Mwanza,
29/3/2026

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu fupi, sote wazima.

Ng'ombe gani anajua tarehe? Hata wanawake wanaokuja maabara kwetu wakipewa tarehe, mtoto anakuja anapotaka yeye. Na tangu lini wewe huulizi? Wewe, uliyejua mimba ya mke wa katibu kabla ya katibu!

Hans alimpigia Elieza jana. Akamwuliza kwa heshima zote, Mwinjilisti, ni nani hao waliochukua tarehe sita, labda tunaweza kuzungumza nao wakatuachia. Elieza akaanza kucheka. Alicheka, Shangazi, mpaka akakohoa, akasema, "Muulizeni Shangazi Aikande," akakata simu.

Sasa mimi silali. Kuna nini? Unaumwa? Kuna jambo hospitali wamekwambia hutaki nijue? Hutaki nikuone? Au humpendi Hans na unaona aibu kusema? Kama ni Hans, sema. Nitalia, lakini sema. Hakuna kitu duniani unachoweza kuniambia kitakachofanya nikuone mbaya. Hicho unachokificha ndicho kinaniua.

Naomba unijibu kabla Pasaka haijapoa.

Sia

Usa River,
12/4/2026

Sia mwanangu,

Marahaba. Pasaka ilikuwa njema, tulikula ndizi, wewe hukuwepo, nyumba ilikuwa na mwangwi. Siumwi. Hans nampenda. Sikupokea simu kwa sababu kwenye simu ningecheka, na mimi nikicheka siwezi kudanganya. Kwa hiyo naandika, mlango nimefunga, hata Madamu asinione.

Waliochukua tarehe sita Juni ni Mwalimu Gerson na mimi.

Umesoma? Soma tena, mimi mwenyewe nimeandika mara tatu, karatasi mbili nimechoma jikoni.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo. Huyu mtu ni mjane wa miaka mingi, Mmeru mpole, na ana ugonjwa wa tarehe kuliko mimi. Tarehe ishirini na mbili mwezi wa pili mwaka ishirini na mbili alikuja mezani kwangu Maji ya Chai na mche wa msesewe na shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Akasema, Aikande, leo ni 22/2/22, siku kama hii haitarudi, naomba unioe, akajikosoa, naomba nikuoe. Nikamwambia mpaka Sia amalize chuo. Akasema sawa, akaununua mche ule ule aliouleta akaondoka.

Nikadhani yameisha. Kumbe! 23/3/23 huyo hapo na mche mwingine. Nikamwambia mpaka Sia apate kazi. 24/4/24, mvua inanyesha, huyo hapo, shati limelowa. Nikamwambia mpaka Sia apate mchumba. Na usifikiri nilikuwa naonewa. Mtu wa namna hiyo una raha naye, unajua mwakani atakuja lini, unapata muda wa kusuka nywele. Kuanzia Januari nilikuwa naichungulia kalenda kuliko yeye.

Mwaka jana Pasaka ukaniletea Hans, akala, akaosha vyombo. Nikajua sasa kisingizio kimeisha. 25/5/25 ilikuwa Jumapili. Alinisubiri nje ya kanisa na mche, mbele ya kwaya nzima. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Kwaya wakapiga vigelegele, nikawaapisha wote wasikwambie. Elieza ndiye mwenyekiti wa kwaya.

Tulitaka 26/6/26 ili tusivunje mpango wake, lakini ni Ijumaa, na Elieza anasema Ijumaa kanisa linadekiwa. Ndipo tukachukua sita sita. Mimi ndiye niliyeipigia makofi. Halafu barua yako ikaja na dagaa.

Nilikuwa naona aibu, mwanangu. Shangazi ndiye anayemfunda bibi harusi. Nina miaka sitini na moja, sijawahi kuolewa, nitakufunda nini? Ni nani ameshaona mfundaji na mwari wanatafuta shela mwezi mmoja? Niliogopa utanicheka, au utasema nakunyang'anya siku yako. Na niliogopa zaidi kwamba hutacheka, utanyamaza.

Sasa umejua. Usinyamaze.

Aikande

Mwanza,
19/4/2026

SHANGAZI!

Shikamoo shikamoo shikamoo!

Nimesoma barua yako nimesimama stendi, nikapiga yowe, mama mmoja akanishika mkono akanipa pole ya msiba. Nikamwambia si msiba, ni shangazi yangu anaolewa! Akapiga yowe na yeye. Tukakumbatiana, hata jina lake sijui.

Mwalimu Gerson! Kumbe ile mikangazi, lile bomba, lile bati! Hans anasema yeye alijua tangu bomba. Mwongo, hakujua chochote.

Nisikilize. Miaka minne mtu anakuja na mche, wewe unamrudisha kwa jina langu. Chuo cha Sia, kazi ya Sia, mchumba wa Sia. Nimelia, sikufichi, halafu nimecheka, halafu nimelia tena, Hans hajui ashike kitambaa au ashike maji. Sitaki kusikia neno aibu tena. Wewe ndiye unayenifunda kuliko shangazi yeyote aliyekaa kwenye ndoa miaka arobaini. Nimejifunza kwamba mwanamume wa kweli analowa mvua Aprili na anarudi Mei ya mwaka unaofuata.

Tarehe ni yako. Usibishe! Leo jioni hii Hans amempigia Elieza na kumwambia sisi hatuitaki tena sita Juni, atuandikie siku yoyote ile, hata Jumamosi yenye sura mbaya. Elieza alitaka kusema kitu lakini Hans alikuwa na haraka ya ushujaa, akakata. Basi limejaa kesho, barua itaondoka Jumanne.

Nitakuja kukushikia shela. Nampigia Mwalimu magoti kwa heshima zote.

Mwanao wa tisa tisa,
Sia

Usa River,
19/4/2026

Sia mwanangu,

Marahaba kabla hujaniamkia. Sijapata jibu lako, wiki imepita, nimeona nisingoje.

Leo baada ya ibada nimekwenda ofisini na Mwalimu. Nimemwambia Elieza afute jina langu na la Gerson, aandike Sia na Hans, 6/6/26. Nimemsimamia mpaka wino ukakauka. Mwalimu aliitazama ile tarehe kama mtu anayemuaga mgeni stendi. Halafu akasema, "Aikande, mimi nimezoea kungoja." Nikampenda zaidi.

Wewe ni kijana, siku nzuri ni ya kijana. Sisi tutachukua Jumamosi yoyote ya Agosti. Nitakuingiza kanisani kama ulivyotaka, na sitatembea kama Thomasi.

Usininyamazie tu.

Shangazi yako,
Aikande

Usa River,
3/5/2026

Sia mwanangu,

Marahaba. Najua jana tumeongea kwenye simu ya 777, au tuseme tumepiga kelele, mpaka salio likakata. Lakini ulikuwa unacheka sana, najua nusu hukuisikia, na neno moja nimelibakiza kwa makusudi niliandike.

Naanza na kesi yetu kwa utaratibu. Asubuhi ile nimewapa ninyi tarehe. Jioni ile ile Hans akairudisha. Elieza akadhani tumekubaliana sote kwamba sita sita hatuitaki, labda kwa ajili ya yule mnyama, akakata mstari. Na mbele yake, Jumatatu saa mbili, alikuwa amekaa nani? Princess wa saluni! Amekaa na mchumba wake fundi pikipiki, wanalia kwamba hawajapata tarehe. Elieza akawaandika hapo hapo. Tarehe ya miaka mia, mimi nimepiga makofi, wewe umepiga yowe, ameichukua Princess aliyekuwa anapita tu! Mae! Nimekwenda saluni kumgombeza, akaniketisha akanisuka, nikatoka nimependeza na nimesahau nilichofuata.

Elieza amebaki na Jumamosi moja tu kabla mchungaji hajaenda likizo. Tarehe kumi na tatu Juni. Ndiyo, kumi na tatu! Tumemkimbia mnyama tukaingia kwenye sura anayokaa. Mwalimu amekaa na kalamu tangu Alhamisi anatafuta maana yake. Amejumlisha, amegawa, amegeuza juu chini. Jana akaweka kalamu akasema haina maana yoyote kabisa, ni siku tu. Nikamwambia basi, mimi na wewe tutaitafutia. Akacheka mpaka akavua miwani.

Mchungaji amekubali ibada moja, maharusi wanne. Anasema usharika umeshaona ndugu wawili wakioa pamoja, lakini shangazi na mtoto, hapana, hajawahi kuona. Kwaya wanafanya mazoezi mpaka majirani wamelalamika. Kamati imeagiza mbuzi wawili wa ndafu ili watu wasigombane. Matangazo yataanza kusomwa Jumapili ya tarehe ishirini na nne, majina yetu yatafuatana, lako kwanza.

Sasa lile neno. Ndugu wa Mwalimu wameuliza kwa adabu, ni nani atakayeniingiza mimi kanisani, kwa kuwa baba hayupo na kaka yangu, baba yako, hayupo. Thomasi amejitolea, ameshanunua na tai. Nimemshukuru. Nimemwambia avae hiyo tai akae benchi la mbele.

Katika maisha yangu nimelea mtu mmoja, na huyo mmoja sasa ni mkubwa wa kutosha.

Kwa hiyo tutaingia wawili, mlango mkubwa, mimi nimekushika wewe na wewe umenishika mimi, taratibu, wasiotuona watuone. Wakina Hans watangoja mbele huko. Mchungaji akifika pale anapouliza ni nani anayemtoa bibi harusi huyu, kwako nitajibu mimi. Halafu atanigeukia mimi na kuuliza tena. Hapo jibu wewe, Sia, na ujibu kwa sauti. Mimi nitakuwa nalia.

Shangazi yako,
Aikande